Mtihani wa Mikono

Tulimzika Mwalimu Mbaabu mwezi wa nane, upande wa juu wa Kibirichia, siku ya ukungu mzito hivi kwamba sisi wa viti vya nyuma tuliwasikia wanakwaya bila kuwaona. Mazishi nimeyazoea. Ukifundisha miaka thelathini na ushei unawazika wakubwa wako wa kazi mmoja mmoja, unazoea hema na viti vya plastiki, unazoea na wasifu unaosomwa mbio mbio kwa sababu mvua inanukia. Ambacho sijazoea ni hotuba. Afisa mmoja wa elimu alisimama, akashika maikrofoni kwa mikono miwili kana kwamba itatoroka, akasema marehemu alikuwa mtu wa kuona mbali, na kwamba miaka mingi kabla ya huu mtaala mpya wa umilisi tayari alikuwa akiwaandaa vijana kwa dunia inayobadilika. “Huyu mzee alifundisha mikono,” akasema. “Sio vichwa peke yake.” Watu wakapiga makofi. Kando yangu Kinya alikuwa ameinama, leso mdomoni, mabega yakimtetemeka. Nikamshika mgongo nimpe pole. Kumbe mwenzangu anacheka.

Kinya nilisoma naye shule ya msingi, darasa moja, dawati moja. Aliolewa Igembe, na siku hizi yuko Kangeta, anafunga miraa vibunda kuanzia asubuhi mpaka magari yaondoke. Vidole vyake vimekomaa kwa kamba za migomba. Baada ya maziko tulipanga foleni ya chakula, wali na viazi na kabeji, na nyama mbili tatu kwa aliyebahatika, tukakaa kwenye nyasi kwa sababu viti vilikuwa vimeshachukuliwa na watu wa kanisa. Akaniambia, huku anatafuna, kwamba mjukuu wake ameingia sekondari ya juu. Msichana anafungua redio na kuifunga akiwa amefumba macho. Alijaza fomu ya mkondo wa ufundi, na kompyuta ikampangia shule ya mbali, mkondo wa historia na dini. “Sasa, mwalimu,” akaniambia (huniita hivyo akitaka kunichokoza), “nimwambie nini huyo mtoto?” Nikajibu upesi kwamba kila mkondo una umuhimu wake na kwamba mtoto akitia bidii milango itafunguka. Kinya aliacha kutafuna. “Hiyo ni sauti ya Mbaabu,” akasema. “Hata shingo umeikunja kama yeye.” Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikasikia uso umenichoma. Niliona aibu hasa. Ni kwa ajili ya aibu hiyo naandika juu ya mwaka wetu wa mwisho wa shule ya msingi.

Sisi ndio tulikuwa wa kwanza kufika darasa la nane. Waliotutangulia walifanya mtihani darasa la saba wakaenda zao, lakini sisi tulipofika mlangoni tukaambiwa ngojeni, elimu imebadilika, mtakaa mwaka mmoja zaidi. Tulikaa. Darasa lenyewe halikuwepo, kwa hiyo muhula wa kwanza tulisomea kanisani, na Ijumaa tulibeba madawati nje ili akina mama wa ushirika wapate nafasi. Kulikuwa na masomo mapya ambayo hata majina yake yalitutia hofu: sanaa na ufundi, sayansi kimu, kilimo cha kuandikwa daftarini. Kilimo! Sisi tuliozaliwa kwenye mitaro ya viazi. Wazazi waliitwa mkutano, wakakaa kwenye mawe yaliyoletwa kwa ajili ya ujenzi, na Hedimasta akawaambia kwamba serikali imechoka na vijana wanaojua kusoma barua na kuandika barua peke yake. Sasa mtoto atafundishwa kazi. Kila shule ijenge karakana. Dunia inabadilika, akasema, na atakayebaki nyuma asimlaumu mtu. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, mara nyingine kutoka mdomoni mwangu.

Baba yake Kinya akasimama. Alikuwa fundi wa pampu, zile za kubeba mgongoni za kupulizia viazi dawa ya baridi, ule ugonjwa wa majani. Siku ya soko alikaa chini ya turubai na kopo la grisi, na watu wa kutoka huko kote Buuri walimletea pampu zinazovuja. Hakuwahi kusoma hata kidogo, na mikutanoni kwa kawaida alikaa pembeni na hakusema neno. Siku hiyo alivua kofia. “Hedi,” akasema, “nataka kuelewa vizuri, nisije nikaambia watoto uongo. Unamaanisha mtoto anayejua kazi ndio atapita?” Hedimasta akasema, “Ndio, mzee. Huo ndio mpango.” Baba Kinya akatuangalia sote, wazazi na watoto, akasema kwa sauti ya mtu aliyepokelewa nyumbani, “Basi serikali imeamka.” Watu walicheka, yeye hakucheka. Kuanzia wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika ujenzini. Alibeba mbao begani kutoka msituni, alichanganya saruji, na alimkaripia fundi wa kulipwa aliyeweka mlango upande.

Lazima niseme Kinya alikuwa nani, la sivyo mtadhani nasifu rafiki kwa sababu ni rafiki. Kinya alikuwa na mikono inayofikiri. Akiwa na miaka kumi na minne aliweza kufungua pampu iliyokufa na kuipangua vipande kwenye gunia. Aliona washa ya ngozi, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, imekauka, akakata nyingine kutoka kwenye ulimi wa kiatu kuukuu, akailoweka kwenye mafuta, akarudisha kila kitu mahali pake bila kubakisha skrubu hata moja. Mimi nikibandua kifuniko cha kalamu nilikivunja. Lakini mimi nilikuwa na kichwa cha kukariri, nikisoma ukurasa mara mbili umeingia, na kabla ya mwaka ule dunia yote ilikuwa imekubali kwamba mimi ndiye mwerevu na yeye ni mtoto wa kusaidia babake. Ghafla mambo yakageuka. Walimu walianza kumwita mbele. Wazee walimsalimia njiani kabla yangu. Nilimwonea wivu, naam, na sioni haja ya kulipamba neno hilo.

Mwalimu Mbaabu alikuwa wa jiografia. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati moja zuri. Walimpeleka semina ya wiki mbili mjini Meru, akarudi na sanduku la kijani lenye vifaa vya useremala na jina jipya: mwalimu wa ufundi. Ndani ya sanduku kulikuwa na nyundo na misumeno miwili, na patasi zilizopangwa kwa ukubwa, halafu tupa na randa moja ya chuma iliyong'aa kama kijiko cha wageni. Vyote alivitilia sahihi. Kikipotea kimoja ni yeye, kikivunjika ni yeye. Kwa hiyo akanunua kufuli, ufunguo akauvaa shingoni chini ya shati, na somo la ufundi likawa hivi: tunaingia karakana isiyo na paa, mwalimu anachora randa ubaoni, anachora mishale, na mwisho wa kila mshale anaandika jina la Kiingereza. Tunanakili. Sanduku lilikuwa pale pale mbele yetu, limefungwa. Niliyakariri majina yote kama sala. Kinya alikuwa anaangalia juu, anapima kwa macho jinsi mafundi walivyokuwa wamepiga kenchi za paa, na mara moja alininong'oneza, “Ile ya tatu imekaa vibaya.” Ilikuwa imekaa vibaya kweli, waliibomoa baadaye.

Msinielewe vibaya. Mbaabu hakuwa mtu mbaya, na huenda ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa. Jumamosi moja alituita mimi na Kinya tufagie karakana, na tulipomaliza akarudisha mlango, akatoa ufunguo shingoni, akafungua sanduku. Akatoa randa, akaweka ubao kwenye meza, akasukuma. Ubao ukachanika. Akasukuma tena, ukachanika zaidi. Jasho likamtoka, na ilikuwa asubuhi ya baridi. “Semina walituonyesha kwa picha,” akasema, kama anayeungama. Kinya akamwomba, “Mwalimu, niruhusu.” Kwao kulikuwa na randa moja kuukuu. Akaigonga ile ya shule kwa kipande cha kuni, taratibu, akachungulia chini yake kwa jicho moja, akaugeuza ubao. “Kisu kilikuwa kimetoka sana, halafu ulikuwa unaenda kinyume cha nyuzi za mbao.” Akasukuma, na lile ganda jembamba likatoka refu bila kukatika, likajikunja mpaka sakafuni. Mwalimu Mbaabu akaliokota, akalinyoosha, akacheka kama mtoto. Kisha akamwambia maneno ambayo nadhani alitamani baadaye kuyameza. “Kinya, wewe utakuwa mtu. Mtihani ukija, wewe ndiye utatubeba.” Aliyasema kwa moyo wake wote. Kinya aliondoka pale akitembea kwa namna nyingine, na tangu siku hiyo akaacha kuja kwetu jioni kusoma hesabu.

Kila siku saa kumi nilipeleka maziwa nyumbani kwa Mwalimu Mbaabu. Nilisubiri jikoni mke wake amimine na kusuuza kibuyu. Kati ya jiko na sebule palikuwa na ukuta wa mbao tu, tena mbao zilizokauka zikaachana, kwa hiyo niliyajua mambo ya walimu wote. Siku moja, mwezi wa sita hivi, Hedimasta alikuwa amekuja. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. “Waraka umefika,” akasema. “Ni karatasi, yote. Hata ufundi. Maswali na majibu manne, mtoto anatia alama kwa penseli.” Mbaabu akauliza, “Na kazi zenyewe? Vitu wanavyotengeneza?” Hedimasta akasema hakuna mtu atakayekuja kuangalia vitu. “Basi tuwaambie wazazi,” akasema Mbaabu. Hapo Hedimasta akashusha sauti, na watu wakishusha sauti ndipo unapowasikia vizuri. “Tuwaambie na paa haijaisha? Tuna mabati ya upande mmoja tu. Mzee gani ataleta bati la kufunika kitu ambacho hakiko kwa mtihani? Ngoja tufunike kwanza. Tukishafunika, tutawaambia.” Mke wa Mbaabu alikuwa ameshika kibuyu changu hewani. Alinitazama. “Wewe Kagendo,” akaniambia polepole, “nenda nyumbani. Na mdomo uwe wa kula.”

Sikwenda nyumbani. Nilipitia kwa akina Kinya. Jikoni kulikuwa na moshi, mama yake anaponda mukimo, viazi na mahindi pamoja, kwa mwiko mkubwa, baba yake amekaa kwenye kigoda na pampu katikati ya magoti, na Kinya anamshikia tochi ingawa jua halijatua, kwa sababu jiko lile halikuwa na dirisha. Nikasema yote. Nilisema vibaya, nikihema, nikirudia rudia. Baba Kinya alinisikiliza mpaka mwisho, sikatai. Kisha akauliza kwa upole, “Kagendo, mtu akitaka kujua kama ng'ombe ana maziwa, anamuuliza au anamkamua?” Mama Kinya akacheka, Kinya akacheka, hata mimi nikacheka, kwa sababu ningejibu nini? Nilijua nilichosikia na nilijua pia kwamba hakina akili. Ukweli ule ulikuwa wa kijinga kiasi kwamba mtu mwenye busara hangeweza kuuamini. Wakanipa mukimo kwenye sahani ya bati, nikala, na maneno yangu yakaishia hapo.

Kinya alinisindikiza mpaka kwenye ua. “Unaogopa,” akaniambia. “Hujui kazi, kwa hivyo unataka mimi pia nirudi kwa vitabu ndio tuwe sawa.” Nilimwambia sivyo. Lakini sauti yangu haikuwa na nguvu, kwa kuwa alikuwa ameona kitu ambacho kilikuwepo. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Kama nisingemwonea wivu, labda angeniamini. Au labda hapana. Siku iliyofuata nilimngoja Mwalimu Mbaabu nyuma ya darasa nikamwambia nilisikia, na kwamba Kinya ameacha kusoma kabisa, anatengeneza kitu cha kuonyesha watu wa mtihani. Akaangalia viatu vyake. “Nimeambiwa ningoje,” akasema. Nikamuuliza mpaka lini. Akaikunja shingo upande, akaniambia nitie bidii kwenye masomo yangu.

Paa liliisha mwezi wa tisa. Jumatatu iliyofuata Mbaabu alituambia, akiwa ametupa mgongo, anafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Mtihani wote utakuwa wa karatasi. Kinya akainua mkono. “Na kazi zetu, mwalimu?” Akajibu, “Endeleeni nazo. Zitawafaa maishani.” Nadhani Kinya alielewa wakati ule, maana mkono wake ulichelewa kushuka. Lakini nyumbani baba yake alikataa katakata. Huyo mwalimu wa jiografia amechanganyikiwa, akasema. Hedi alisema mbele ya watu wote, na mimi mwenyewe ndiye nilimuuliza. Mzee yule alikuwa amebeba mbao mwaka mzima, ungemwambia nini tena? Kinya akabaki katikati. Mchana alijaribu kunakili daftari zangu, jioni anarudi kwenye kile alichokuwa anakitengeneza, na kote kote hakufika. Nilimfundisha hesabu za asilimia siku tatu mfululizo. Siku ya nne alilala na kichwa juu ya daftari, penseli bado mkononi, na sikumwamsha.

Siku ya karatasi ya ufundi alikuja na baba yake. Mzee alikuwa amevaa koti la kanisani. Walibeba kitu ndani ya gunia safi, na walipokifunua getini hata askari aliyelinda mitihani aliinama kukiangalia: pampu ndogo, kimo cha paka, imetengenezwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Ilikuwa na mpini wa mti, washa ya ngozi, na mdomo uliotobolewa vitundu vidogo sana kwa sindano ya moto. Kinya akavuta mpini, ukungu wa maji ukatoka ukavigusa viatu vya askari. “Eh!” askari akasema. Kisha akasema, “Lakini mzee, hapa ni mtihani. Sio maonyesho.” Baba Kinya akamjibu bila ubishi, kama anayemsaidia mtu kuelewa, “Ndio mtihani wenyewe huu.” Msimamizi, mwalimu wa shule nyingine, akaja na saa yake mkononi akasema kitu hicho kiachwe ukutani, mtoto aingie. Mwalimu Mbaabu alikuwa ng'ambo ya ua, kwa kuwa walimu wetu hawakuruhusiwa kukaribia. Alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili. Aliwaona. Mzee pia alimwona, akampungia kofia.

Ndani kulikuwa na picha ya randa. Naikumbuka mpaka leo, picha mbaya, imechorwa na mtu ambaye labda aliiona semina. Mshale mmoja ulielekezwa sehemu fulani, na chini yake majina manne ya Kiingereza. Nikatia alama yangu nikaendelea, sikutumia hata nusu dakika. Mbele yangu niliiona shingo ya Kinya. Haikusogea. Wengine walikuwa wanafunua ukurasa, na yeye bado yuko pale pale. Baadaye aliniambia, “Ile picha niliijua. Kile kipande ningekitoa nikakirudisha gizani. Lakini majina manne yote yalikuwa ya watu nisiowajua.” Akataka kujua jibu lilikuwa lipi. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili kwa ulimi wake, neno zuri kabisa, na wakati huo lilikuwa halimsaidii chochote.

Matokeo yalipokuja niliitwa shule nzuri ya wasichana, na Kinya hakuitwa popote. Jioni hiyo nilipeleka maziwa kama kawaida, maana ng'ombe hajui matokeo, na nikiwa jikoni nikamsikia baba yake Kinya sebuleni. Hakuwa amekaa, nilijua kwa mahali sauti ilipotokea. Mbaabu alikuwa anamweleza juu ya kurudia darasa, kwamba angemsaidia mwenyewe, bure, kila Jumamosi. Mzee akamwacha amalize. Kisha akauliza, “Mwalimu, wewe ulijua?” Mbaabu akasema, “Nilijua.” “Tangu lini?” “Kabla ya paa.” Mke wa Mbaabu akageukia moto, akaukoleza bila sababu. Nilingoja kelele. Nilitamani kelele, nilitaka mtu apige meza, atukane, avunje kikombe. Baba Kinya akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ungeniambia. Bati ningeleta tu.” Akatoka. Jikoni maziwa yaliyokuwa motoni yakafurika yakamwagikia majivu.

Karakana ile ilidumu. Nilipoanza kufundisha nilipita pale nikakuta imejaa viazi vya mbegu vimetandazwa kwenye meza za useremala vichipue, na kusema kweli vilichipua vizuri, paa lile halikuwahi kuvuja. Mbaabu akarudi kwenye jiografia yake. Hatukuwahi kuzungumza juu ya mwaka ule, ingawa nilifanya kazi chini yake miaka minne, katika shule yangu ya pili, na alinitendea wema usio na sababu. Mimi mwenyewe nikawa naibu, halafu mkuu. Na ilipofika zamu ya mtaala huu mpya nilisimama mbele ya wazazi wa gredi ya tisa, karatasi za semina ya siku tatu zikiwa bado kwenye mkoba wangu, nikawaambia dunia inabadilika. Mama mmoja wa soko, mkono umetapakaa udongo wa viazi, akaniuliza, “Mwalimu, huyu wangu kusoma ni shida, lakini anatengeneza vitu. Wataona?” Nikamwambia, “Wataona.” Sikujua kama wataona. Mtaala huu siupingi, nimeona ndani yake vitu vizuri ambavyo sisi hatukupata. Lakini sikujua, na ningeweza kusema sijui, neno fupi tu. Nilimtazama usoni na lile neno likakataa kutoka. Ningelisema, angekwenda nyumbani na nini? Hilo ndilo nililojiambia. Nafikiri Hedimasta wetu pia alijiambia hilo hilo.

Kinya hakurudia darasa. “Nirudie nini?” aliniuliza. Mwezi wa pili baada ya matokeo hayo, asubuhi ya kuondoka kwangu kwenda sekondari, sanduku langu la bati likakataa kufunga. Tulikuwa tumelijaza mno: shuka, sabuni, sufuria ndogo, sare zilizoshonwa kubwa ili nikue ndani yake. Mama alilikalia, mjomba akalipiga teke, kile kipande cha chuma kinachoshuka kufunika pete ya kufuli kikapinda kabisa. Gari lilikuwa linangojwa barabarani. Mtu akatumwa kumwita Kinya. Nilitamani asije. Alikuja na nyundo ya baba yake na kipande cha reli, amevaa sweta ya shule iliyotoboka kiwiko, akasalimia watu wote kwa adabu, akapiga magoti mbele ya sanduku langu. Hakuniangalia. Alikitoa kile kipande, akakitia motoni, akakitoa chekundu, akakilaza juu ya reli akakigonga kidogo kidogo mpaka kikanyooka. Alikipoza kwa maji, akakirudisha. Kikafunga kwa sauti safi. Akakifungua, akakifunga tena, akaniuliza, “Hiki mnakiitaje kwa Kizungu?”

Nilikitazama. Nilikuwa nimepata alama za juu kabisa katika ufundi, shule nzima. Nikatafuta kichwani ukurasa kwa ukurasa, mishale yote, majina yote.

“Sijui,” nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama.

“Na umepita,” akasema. Kisha akainama akaanza kugonga misumari iliyolegea upande wa pili wa sanduku.